Mpwa wangu, shamba lisiuzwe kwanza

Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa kwenye treni, watu wananishangaa ninavyocheka peke yangu. Umeuliza matatu: kama shahada yako ya uhandisi wa mitambo, ukimaliza mwakani, itakupa kazi huku Kanada, kama kweli nalipwa hela zinazotajwa huko Malava, na kama mama yako auze kile kipande cha kando ya barabara ili uje upesi. La nne umelitia kwa mzaha, kuhusu pete niliyovaa kidole kidogo kwenye picha ya Krismasi. Nakujibu kama khotsa wako, mjomba wa damu, si kama yule mtu wa kusimama kwenye theluji na kupiga picha.

Nilitua Toronto 2014 na shahada mkononi na miaka minne ya kazi katika kiwanda cha sukari. Nilijiita injinia bila wasiwasi. Huko nyumbani jina hilo tunaligawa kama njugu: wa kurekebisha jenereta ni injinia, wa kufunga dishi juu ya bati ni injinia. Hata Kenya sheria haitaki hivyo, kwani Sheria ya Wahandisi ya 2011 inadai usajiliwe na Bodi ya Wahandisi, EBK, ila nani atamwambia yule wa dishi? Huku ukijiandika injinia kwenye kadi bila leseni ya mkoa unaweza kupelekwa kortini. Leseni ya Ontario hutolewa na Professional Engineers Ontario, wenyewe huiita PEO. Serikali kuu ilishanipa ukaazi, tena shahada yangu ikanipa alama nzuri kwenye maombi hayo. PEO hawakuhusika na alama hizo hata kidogo. Wana mafaili yao, wana mitihani yao.

Basi nikabeba maboksi ghalani miezi minane. Hilo halina hadithi. Mgongo uliuma, nikalipa kodi ya chumba.

Kilichonitoa ghalani ni boila, ule mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka nilivyokuwa nikirudi nyumbani nikinuka molasi. Boila za kiwanda chetu zilichoma makapi ya miwa, na shida yake kubwa ilikuwa maji. Maji yasiposafishwa vizuri kabla ya kuingia, chokaa hujijenga ndani ya mirija, kama ule ukoko mweupe wa birika la chai. Ukoko huo huzuia joto lisiyafikie maji, chuma kinabaki kuungua chenyewe, mwisho mrija unapasuka. Ulipasuka usiku wa zamu yangu. Msimamizi wangu, mzee mmoja wa Butere, alituamuru tuzime, tungoje ipoe, kisha tukauziba mrija ule ncha zote mbili ili kazi iendelee hadi mpya upatikane. Asubuhi nilitarajia pongezi. Akanipa kalamu. Andika, akasema: mgandamizo ulikuwa kiasi gani, maji yalipimwa saa ngapi, aliyepima ni nani, mrija ni wa ngapi, umepasukia wapi. Nilipomaliza alisoma yote, akanirudisha niandike upya mistari miwili, ndipo akatia sahihi. Miaka minne alinifanyia hivyo. Nililiona daftari lile kama adhabu.

Hapa Toronto hospitali moja ilitafuta msaidizi wa chumba cha boila. Mkuu wa chumba hakuuliza shahada. Aliuliza: ukitazama kioo cha kupimia maji ukute hamna maji, utafanya nini? Wengi hukimbilia kufungulia maji. Hapo ndipo watu hufa, maana maji yakigusa chuma kilichoiva hugeuka mvuke ghafla, na boila inaweza kulipuka. Nikamjibu kwamba nakata moto kwanza, maji siyagusi. Kisha nikamsimulia ule mrija, hadi namba yake. Nikaanza Jumatatu. Baadaye nikafanya mtihani wa cheti cha waendesha boila, daraja la nne, ambalo ndilo la chini kabisa, nikalipwa dola 24 kwa saa. Mtu mwenye shahada, naam. Na nilifurahi.

Leseni nayo ilikuwa ikinisubiri. PEO walinipa karatasi nne za mtihani kuthibitisha shahada yangu. Nilisomea usiku, boila ikinguruma pembeni, nikaanguka moja na kuirudia. Wakataka pia miaka minne ya uzoefu, mmoja wao uwe wa hapa Kanada chini ya mhandisi mwenye leseni. Mwaka huo mmoja ndio uliowatesa watu: kazi ya uhandisi hupewi bila leseni, leseni hupewi bila kazi. Wewe una bahati, sharti hilo PEO waliliondoa 2023. Miezi 48 ya uzoefu ingali palepale, lakini ya Kenya inaweza kuhesabiwa. Siku hizi unaeleza kazi zako ukizilinganisha na stadi 34, na lazima awepo mtu anayeijua kazi hiyo wa kuthibitisha kwamba hukutunga.

Mimi mtu wangu alikuwa yule mzee, na kiwanda kilikuwa kimesimama. Simu ya ofisi haikushikwa. Aliyenipatia mzee ni kijana wa boda boda anayempelekea dawa za ng'ombe. Hakuwa na barua pepe. Mjukuu wake alimfungulia moja kwenye duka la intaneti. Aliniuliza swali moja tu: daftari unalo? Nilikuwa nalo, limelowa maji ukurasa mmoja. Leseni ilitoka 2021. Hesabu mwenyewe miaka.

Kuhusu hela: sasa nalipwa vizuri, sitakudanganya. Lakini ushuru hukatwa kabla sijaigusa, na nyumba na malezi ya watoto humeza sehemu kubwa ya kinachobaki. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa maskini kuliko nilivyokuwa Kakamega. Lile gari jekundu lililowafurahisha sana lilikuwa la mwenye nyumba.

Sasa shamba. Najua ni ajenti aliyewatia joto, anayetafutia vijana nafasi za chuo. Tangu Januari 2024 mwanafunzi anayekuja peke yake alitakiwa kuonyesha dola 20,635 za kujikimu, mbali na karo na nauli, na kiwango hicho kimepandishwa tena. Kipande kile kitaliwa chote, nawe uje usomee diploma ya usimamizi wa biashara ukiwa na shahada ya mitambo. Hapana.

Maliza shule. Kajisajili EBK kama mhandisi mhitimu mwezi uleule wa mahafali, usingoje. Kisha tafuta mahali ambapo vitu huharibika: kiwanda cha sukari cha Butali kiko hapo hapo Malava, Sondu Miriu wana mitambo ya umeme wa maji ya megawati 60, Olkaria wana mvuke wa ardhini usiolala. Ukipewa kazi ya ofisini yenye kiyoyozi na nyingine yenye grisi, unajua nitakalosema. Baada ya miaka mitatu unaweza kuomba usajili wa mhandisi kamili wa Kenya, na kama bado utataka kuja, utakuja na kitu cha kuonyesha.

Pete ni ya chuma, huvaliwa na wahandisi wa huku, kidole kidogo cha mkono wa kazi, ili iguse karatasi ukichora. Sherehe yake ilianza 1925. Wengine husema pete za kwanza zilitengenezwa kwa vyuma vya daraja la Quebec, lililoanguka 1907 na kuua wafanyakazi 75. Si kweli, lakini daraja kweli lilianguka.

Nipigie picha kurasa za daftari lako la atachimenti, yale mafunzo ya kazini, zote, hata zenye makosa. Kama huna, rudi kwa aliyekusimamia kabla hajasahau sura yako. Na Jumapili mpe mama simu saa tatu usiku, huku itakuwa saa nane mchana, nimwambie mwenyewe habari ya shamba.