Kupanga daignosisi kwenye kea plani: jibu kwa mwanafunzi wa Lindi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu waliokwambia ukariri piramidi ya Maslow, ile ya ngazi za mahitaji ya binadamu, yaishe. Ngoja nikujibu kwa urefu kidogo maana hili jambo nakutana nalo kila wanafunzi wakiletwa wodini kwetu hapa Mtwara na naona linawatesa bure.

Kwa wanaoingia sasa hivi, mwenzetu yuko mwaka wa pili diploma ya uuguzi, yuko rotesheni wodi ya wanaume. Mgonjwa wake ni mzee wa miaka 67, ana kisukari na kidonda kwenye mguu wa kulia. Kwenye kea plani, yani mpango wa huduma ya mgonjwa, kaandika daignosisi sita (matatizo ya mgonjwa ambayo nesi anayashughulikia) kwa mpangilio huu: upungufu wa maarifa, maumivu, ngozi iliyoharibika, hofu ya kukatwa mguu, hatari ya maambukizi kusambaa, na mwisho kabisa hatari ya sukari kuyumba. Mwalimu kachora mstari mwekundu kaandika "kipaumbele?" basi, hajaeleza. Yeye anasema kaweka za hatari chini kwa sababu darasani walifundishwa tatizo lililopo linatangulia tatizo linaloweza kutokea, na maarifa kaweka juu kwa sababu mzee asingefika hapo kama angejua kujitunza.

Sasa rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Umeandika katikati huko, kama kitu cha kupita tu, kwamba asubuhi mzee kachomwa insulini, uji hakumaliza, na ulipomkuta alikuwa anatoka jasho. Mdogo wangu, kea plani yako yote iko kwenye sentensi hiyo. Mtu kapata insulini, hajala, jasho linamtoka, hapo unachukua glukomita, kile kipimo cha sukari ya damu, unampima saa hiyo hiyo na unamwita nesi wa zamu, kalamu utaishika baadaye. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L sukari imeshuka, chini ya 3 ni hali mbaya. Kama ana fahamu na anameza vizuri anapewa kama gramu 15 za sukari, yani vijiko vya chai vitatu hivi kwenye maji, unampima tena baada ya dakika 15, ikipanda unahakikisha anakula chakula. Kama fahamu zinapotea usimwekee kitu mdomoni kabisa, huyo ni wa glukosi ya mshipani.

Kwa hiyo namba moja ni sukari. Ile kanuni ya "lililopo kwanza" inasaidia lakini haina macho, wewe ndo una macho. Mfano mwingine nenda wodi ya wazazi, mama kajifungua saa moja iliyopita, analalamika maumivu ya mshono, hilo lipo kabisa, lakini ukigusa tumbo mji wa mimba umelegea. Kutoka damu nyingi bado ni hatari tu kwenye karatasi, ila ndo itakayomuua, ndo maana ndani ya yale masaa mawili ya mwanzo tunamkagua kila dakika 15. Utaweka maumivu juu hapo? Swali ninalowaulizaga wanafunzi ni moja tu: kati ya hivi ulivyoandika, kipi kikiachwa saa moja ijayo kitamdhuru zaidi? Njia ya hewa, kupumua, damu na fahamu vinapita mbele siku zote, na sukari iliyoshuka inagusa fahamu moja kwa moja.

Na wale mnaonakili kufuata mpangilio wa kitabu cha NANDA, kile cha orodha ya daignosisi za uuguzi, acheni. Kile kitabu kimepangwa kwa makundi ya mada, kwenye matoleo tuliyosomea sisi lishe iko kundi la 2 wakati kushindwa kusafisha njia ya hewa iko kundi la 11 pamoja na mambo ya usalama. Ukifuata kurasa utamlisha mtu kabla hujamwondolea makohozi yanayomziba.

Baada ya sukari, tena hapa ndo patamu, angalia nini kinafungua njia ya kingine. Umesema maumivu ni 8 kati ya 10. Sasa dresingi utafanyaje kwa mtu wa 8? Atavuta mguu, utasafisha juu juu, kidonda kitabaki na uchafu. Maumivu yanatangulia, dawa ipewe kwanza ifanye kazi, ndo ufungue kidonda. Hayo maambukizi yaangalie kwa namba: joto, mapigo, pumzi, presha. Vikianza kuchafuka yanapanda juu muda huo huo na daktari anaitwa.

Halafu hiyo hofu. Kwa Maslow ingekaa ngazi ya usalama, juu ya ile ya mahitaji ya mwili, yani ya baadaye. Lakini umemuuliza mzee kwa nini hakumaliza uji? Wazee wetu wengi wakisikia kitanda cha jirani mtu kakatwa mguu wanaacha kula kimya kimya, hawakwambii. Kama ndo hivo basi hofu ndo inayoshusha sukari, na utampa vijiko vya sukari leo na kesho na keshokutwa. Kaa naye. Na kama Kiswahili anakijibu kwa "ndiyo, ndiyo" tu, tafuta ndugu yake anayeongea Kimwera au Kimakonde, utashangaa maelezo yatakavyobadilika.

Malengo yako nayo. "Mgonjwa atapewa elimu", hiyo ni kazi yako wewe, sio lengo lake. "Ataelewa kisukari" haipimiki, kuelewa hakuonekani. Andika kitu utakachokiona au kukihesabu na saa yake: sukari itafika 4 au zaidi ndani ya dakika 15 na haitashuka chini ya hapo kwa saa 24, maumivu yatashuka mpaka 3 au chini saa moja baada ya dawa, atamaliza chakula chake chote leo. Na ile ya maarifa iweke mwisho lakini uiandike vizuri kuliko zote maana ndo anayoondoka nayo: kabla ya kuruhusiwa, mzee ataonyesha yeye mwenyewe au mjukuu wake jinsi ya kukagua nyayo na katikati ya vidole, na atataja dalili tatu za sukari kushuka na atakachofanya. Muulize pia zahanati iko mbali kiasi gani, nani atamfunga kidonda, insulini ataihifadhi wapi kama hana friji, na msimu wa korosho anaingia shamba na viatu au peku. Lengo lisilojua anakoishi mtu linafia getini.

Jioni pima tena upange upya. Sukari ikitulia, daignosisi yake inashuka kwenye orodha, pengine kidonda kinapanda juu. Andika saa, namba uliyoipata na ulichobadilisha, kisha mpelekee mwalimu karatasi zote mbili, ya asubuhi na ya jioni.