Taja Pembe Kabla ya Kuipima

Niliwahi kuandika nyuzi 130 chini ya pembe iliyochongoka kama ncha ya mkuki. Mwalimu akaikata kwa wino mwekundu, akaandika pembeni neno moja tu: "Tazama." Nilinuna. Kipimapembe nilikiweka sawasawa, nikasoma namba niliyoiona, sasa kosa langu liko wapi?

Kosa lilikuwa kwenye namba zenyewe. Kwenye kipimapembe cha kawaida, karibu kila alama ina namba mbili: safu ya nje inahesabu kutoka upande mmoja, ya ndani kutoka upande wa pili. Palipoandikwa 130 pameandikwa pia 50. Mimi nilichukua safu isiyonihusu. Ningeitazama pembe kwanza nikasema "hii ni kali", 130 isingenipita machoni.

Tangu hapo sishiki kifaa kabla ya kutaja jina. Majina yenyewe hayasumbui. Pembe mraba ni nyuzi 90 kamili. Iliyo chini ya hapo ni pembe kali. Iliyozidi 90 bila kufika 180 ni pembe butu. Ikifika 180, mikono yake inakuwa mstari mmoja ulionyooka. Zipo pia zinazopita 180, na hizo ndizo watu huzisahau, kwa kuwa jicho hukimbilia upande mdogo.

Kama jicho lako bado halijazoea, tengeneza kipimo cha karatasi. Chukua karatasi yoyote, hata iliyochanika ovyo, ikunje mara moja upate ukingo ulionyooka. Ikunje tena, nusu ya ukingo huo ilalie nusu nyingine barabara. Kona uliyopata ni pembe mraba. Iweke kwenye kona ya mchoro, ukingo mmoja ukifuata mkono mmoja wa pembe. Mkono wa pili ukifichwa na karatasi, pembe ni kali. Ukichungulia nje, ni butu. Mimi nilitembea na karatasi hiyo ndani ya daftari mwaka mzima, na sioni aibu kusema hivyo.

Kuna mtego mwingine: kudhani mikono mirefu hufanya pembe kuwa kubwa. Pembe ni kiasi cha mgeuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine, basi. Ndiyo maana mikono ikiwa mifupi na haifiki kwenye namba, unairefusha kwa rula bila wasiwasi. Pembe haibadiliki hata kidogo.

Sasa pima. Kitovu cha kipimapembe kikae juu ya kona, mstari wa sifuri ulalie mkono mmoja. Nasema mstari wa sifuri, sio ukingo wa plastiki: kwenye vipimapembe vingi mstari huo uko juu kidogo ya ukingo, na anayepanga kwa ukingo hukosea kila mara bila kujua sababu. Kisha anza kuhesabu kutoka kwenye ile sifuri iliyo juu ya mkono wako, 10, 20, 30, hadi ufike mkono wa pili. Ukihesabu hivyo huwezi kuruka safu. Kwa pembe iliyozidi 180, pima ule upande mdogo kisha utoe kwenye 360. Ukipata 70 upande mdogo, ile kubwa ni 290.

Ukitofautiana na mwenzako kwa uzi mmoja, msigombane. Penseli butu inatosha kuleta tofauti hiyo. Mkitofautiana kwa 80, kama 50 na 130, mmoja wenu kasoma safu ya jirani.

Mazoezi ya jicho nayapata kwenye saa ya ukutani. Saa tatu kamili na saa tisa kamili mishale hufanya pembe mraba. Saa kumi na mbili, mstari ulionyooka. Kutoka namba moja hadi inayofuata ni nyuzi 30, maana 360 imegawanywa kwa 12. Nilipojiuliza pembe ya saa tisa na nusu, nilijibu haraka 90: mshale mrefu kwenye 6, mfupi kwenye 3. Nikatazama tena. Mshale mfupi ulishaondoka kwenye 3, uko katikati ya kwenda 4. Pembe ni nyuzi 75.