Krismasi yangu nailaga Kenya, ila sio Kenya hiyo mnayoijua

Swali lenu la wiki hii mmeuliza Krismasi ugenini unaila na nani, na ilikuwaje mara ya kwanza. Jibu langu: naila Kenya, huu utakuwa mwaka wa nne. Kabla hamjaanza kuniuliza habari za Nairobi naomba niseme kwamba Kenya ni mtaa mkubwa wa hapa Lubumbashi, Congo, wenyewe wanaita komini, uko jirani na Kamalondo, nyumba zimebanana, muziki hauzimwi. Mama yangu hajawahi kuelewa hii kitu. Nilimpigia nikamwambia mama mwaka huu Krismasi naila Kenya na marafiki, akasema basi si uunganishe tu na basi la Namanga uje nyumbani, ni karibu.

Mimi ni mtu wa Kibosho. Wanaotujua wanajua Desemba kwetu ni nini, Mchaga anaweza akawa anadaiwa kodi lakini tarehe 22 utamkuta kwenye basi la Moshi amekumbatia maboksi, kule kunachinjwa, kuna ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), kisusio (supu ya damu), mbege (pombe ya ndizi), na nyama inagawanywa kiukoo yani kila kipande kina mwenyewe, usipopanda ni kesi na wanaikumbuka hadi Pasaka. Sasa mimi niko ofisi ya mizigo, nahangaika na makaratasi ya malori yanayobeba shaba kutoka Kolwezi na Likasi kwenda bandari ya Dar, na Desemba ndio kila mwenye mzigo anataka lori lake livuke Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, kabla mwaka haujaisha. Foleni mpakani inakua ndefu hadi madereva wanafua nguo na kuanika kwenye vioo. Likizo nikaomba, bosi akanitazama kama nimemwomba figo.

Hiyo ni 2021. Jamaa mmoja tunafanya naye kazi, mzaliwa wa hapa hapa, akaniambia huwezi kukaa peke yako Noeli, kuya kwetu. Nikaenda. Na hapa niseme ukweli ambao sijamwambia hadi leo, ile Krismasi ya kwanza ilinitesa. Sio kwamba walinitendea vibaya, walinitendea vizuri mno! Nilipewa kiti chenye mto, kiti cha baba mwenye nyumba, yeye akakaa kwenye stuli. Nikaletewa maji ya kunawa hadi pale nilipo, paja la kuku langu, firigisi yangu, bukari yangu kwenye sahani ya maua (bukari ndio ugali, msiogope), kila nikitaka kunyanyuka nasukumwa chini, hapana papa, wewe uko mugeni, ikala (yani kaa). Basi nikaikala. Nyuma ya nyumba nawasikia wanacheka kwenye moto, wanagombana nani amezidisha chumvi kwenye sombe (kisamvu), watoto wanakimbizana na nguo mpya, na mimi niko sebuleni na mzee tunaangaliana. Mzee maneno hana, neno lake ni moja tu, Samatta. Hapa Mtanzania yeyote ni Samatta, yule mchezaji wetu wa mpira, Mazembe, timu ya hapa, walichukua ubingwa wa Afrika 2015 yeye akiwa mfungaji bora, kwahiyo sisi wengine tunakula heshima tusiyoifanyia kazi. "Samatta!" anasema mzee, anatikisa kichwa. Namjibu "Samatta, mzee." Tumekaa hivyo masaa mawili.

Ilipofika saa tano usiku simu ikaita, nyumbani ilikua tayari saa sita maana kule wako mbele kwa saa moja. Nasikia kelele za shangazi zangu zote, mtu anaimba, mbuzi mmoja aliyebaki analia huko nyuma. Nikatoka nje kwenye mvua nikajifanya napokea simu ya ofisi.

Mwaka uliofuata nilitaka kukwepa, nikajiandalia na uongo kabisa kwamba nina malori yamekwama. Ila tarehe 24 asubuhi mama mwenye nyumba kanipigia mwenyewe, hata salamu hakumaliza. "Uko wapi? Kuku iko inakungojea. Pitia ku soko ulete makala." Yani nimetumwa. Nikavaa ndala nikaenda.

Makala ni mkaa, hilo nilijua. Akaniambia na mbabula ile ya jirani niichukue, hilo sikujua, nikaenda kwa jirani nimesimama mlangoni natafuta neno hadi mtoto akanionyesha jiko la mkaa kwa kidole huku anacheka. Na kiswahili cha hapa kinachekesha kwasababu unakielewa halafu ghafla hukielewi. Binti wa pale akanitambulisha, "huyu ni yaya yangu", nikageuka kumtafuta dada wa kulea watoto, naona limwanaume la ndevu linanipa mkono. Yaya kwao ni kaka au dada mkubwa. Jioni ya siku ileile na mimi nikaanza kuitwa yaya, kwetu ningepigana.

Afu nikaharibu. Nilipewa dola 20 ya kuongezea kuku wawili, hapa mnajua soko linaenda kwa dola na faranga, faranga ikiwa imechakaa kama kitambaa cha deki wanaichukua bila neno, ila dola ikichanika pembeni kidogo tu, punje ya mchele, hakuna anayeigusa. Sikuikagua. Nimezunguka soko zima la Kenya kuku wananiangalia, kila muuzaji anainua noti juani, anairudisha kwa vidole viwili. Nikarudi mikono mitupu na matope hadi magotini maana Desemba hapa ni mvua kila siku. Mama yule alinisema! Alinisema mbele ya watu, kwamba miaka yote hii Congo sijajua kuangalia noti, akili yangu niliiacha Dar ama ilianguka njiani Tunduma. Na mimi nimesimama pale nasemwa, nasikia raha ya ajabu, maana hivyo ndivyo ninavyosemwaga Kibosho. Hakuna mtu anamsema mgeni.

Waswahili walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na tunaitumiaga kumfukuza mtu kiaina. Mimi nadhani tumeisoma vibaya, au labda ni mimi tu nina njaa ya jembe.

Usiku nikanyonyoa kuku (waliopatikana kwa noti nyingine), nikabishana kuhusu chumvi, tukaenda misa, wanaimba kwa kiswahili na wanacheza kanisani kweli kweli sio kuyumba yumba kama sisi. Vinkubala nilikula, wale viwavi waliokaushwa, wakikaangwa vizuri na kitunguu vinaliwa, shangazi zangu wakisoma hapa watanisamehe. Na mimi nikataka kulipa, nikapika mtori, supu yetu ya ndizi za kuponda. Kosa. Hapa ndizi nyingi sokoni ni makemba, yale magumu ya kukaanga, ukichemsha ukaponda inakua gundi tena yenye sukari. Wakaonja wote kwa adabu, kimya. Mzee akaweka kijiko chini. "Sasa hii, ni uji ao ni supu?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la pili tangu nimjue.

Tarehe 26 ndio mniombee. Nyumbani ni Boxing Day watu wamelala, hapa ni siku ya kazi kama kawaida, naingia ofisini saa mbili na kichwa kinagonga, napiga Dar kuulizia kontena hakuna anayepokea.

Mwaka huu sasa, bosi amenipa likizo bila hata kumbembeleza, wiki mbili. Mama yangu ameshawatangazia ukoo mzima kwamba narudi kutoka Kenya. Juzi nikapita kumuaga mama wa hapa, nikamweleza vizuri, nikamwahidi ndizi za mtori zenyewe nikirudi. Alikua anachambua sombe, hakuinua uso. Akanyamaza weee. Mwisho akaniuliza, "Ile kuku, nani atainyonyoa?"

Tiketi bado sijakata.