Uliza Fundi: Wameniambia cheni ya IST imelegea, nitoe hela?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina Toyota IST ya injini 1NZ, naifanyia teksi ya mtandaoni Dar es Salaam. Siku hizi ikishapata moto inatetemeka kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), nikisimama kwenye taa inataka kuzima, na mlima wa Kimara inaupanda kwa shida. Taa ya injini imewaka. Fundi alipima kwa mashine akapata namba ya hitilafu P1349, akasema cheni ya taimingi imelegea, niandae laki nne na nusu abadilishe seti nzima. Asubuhi nikiiwasha haina kelele yoyote. Kuna kitu naweza kukagua mwenyewe nyumbani kabla sijalipa?
Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Kipo, tena kingi. Hela ibaki mfukoni kwanza.

P1349 haisemi kwamba cheni imelegea. Inasema VVT-i, yaani mfumo unaowahisha au kuchelewesha kamshafti (shafti inayofungua valvu za kuingiza hewa), haufuati amri ya kompyuta. Cheni ndiyo inayounganisha kamshafti na krenki, yaani shafti kuu ya injini; ikiruka jino, injini kama yako kwa kawaida huandika P1346, kwa sababu sensa ya krenki na sensa ya kamshafti haziafikiani tena. Magari ya matoleo ya baadaye huandika P0011 au P0012 kwa tatizo la kwanza, na P0016 kwa la pili. Hapa gereji kwangu Tanga napokea watu waliokwishalipia cheni mpya na taa bado inawaka, na inaniuma, maana wengi wao gari ndiyo shamba lao.

VVT-i inasukumwa na oili, kwa hiyo anza na oili. Chomoa kijiti cha kupimia, kisha fungua kifuniko cha oili umulike ndani kwa tochi. Ukiona utando mweusi mzito kama uji ulioganda, umeshapata mshukiwa wa kwanza. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na oili yake ni 5W-30. Najua mtaani watakuambia joto la Dar linataka 20W-50. Usiwasikilize. Njia za oili za VVT-i ni nyembamba, na kitu kizito hupita humo kwa shida. Na wewe wa teksi usihesabu kilomita peke yake: ukikaa saa nzima kwenye foleni injini inazunguka muda wote, lakini dashibodi haijasogea. Mwaga oili mapema kuliko mwenye gari la kwenda kazini na kurudi.

Sasa nenda kwenye valvu ya oili ya VVT-i. Iko kwenye silinda hedi, upande wa cheni, ina soketi ya nyaya mbili na imeshikwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Injini ikiwa ya baridi, chomoa soketi upime ukinzani wa valvu kwa mita ya umeme: kwenye nyuzi joto 20 isome kati ya omu 6.9 na 7.9, kukiwa na joto zaidi itapanda kidogo. Isiposoma kitu, valvu imekufa na huna haja ya kutafuta zaidi.

Ikisoma vizuri, rudisha soketi, vuta hendibreki, weka gia P, washa mpaka injini ipate moto. Chomoa soketi tena. Injini iliyo nzima itatulia kwenye sailensa. Ikiendelea kutetemeka vilevile, huenda valvu imegandia wazi kwa uchafu. Halafu ipe valvu umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili, kwa sekunde chache tu, nyaya zisigusane na mikono ikae mbali na mikanda. Hapo injini inatakiwa imisi, yaani izunguke kwa kukatakata, au izime kabisa. Ikifanya hivyo, valvu na gia ya kamshafti vinafanya kazi, na utafute nyaya na soketi. Isipobadilika hata kidogo, zima, fungua valvu, isafishe kwa dawa ya kabureta, uipe umeme tena ukiitazama: pini ya ndani isogee yote na irudi yote. Oringi, ile pete yake ya mpira, ikiwa imekauka weka mpya. Usisahau kichujio kidogo cha waya kilicho nyuma ya bolti yake kwenye silinda hedi; mafundi wengi hawajui kipo, na kikiziba hata valvu mpya haitafanya kazi.

Kama bado una wasiwasi na cheni, ikague kwa macho. Toa terminali ya betri, toa plagi ili injini izunguke kirahisi, fungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini). Zungusha krenki kwa spana, kwa mwelekeo wa saa tu, mpaka alama ya puli ifike 0. Alama za gia zote mbili za kamshafti zitazame juu. Zisipotazama juu, zungusha krenki raundi moja zaidi, maana kamshafti inazunguka mara moja kwa kila raundi mbili za krenki. Viungo vya cheni vyenye rangi usivihangaikie. Vimewekwa kwa ajili ya kufunga cheni mpya, na injini ikishazunguka haviko tena mkabala na alama.

Alama zikipishana jino, acha hapo hapo, usipige stata. Kwenye 1NZ pistoni na valvu zinaweza kugongana. Hapo fundi wako atakuwa na haki ya kudai cheni, na kazi hiyo isifanyiwe uani. Lakini cheni iliyolegea mara nyingi hupiga kelele asubuhi, kabla presha ya oili haijasukuma tensheni yake (kifaa kinachoikaza), na wewe umesema hakuna kelele.

SWALI: Fundi, Hiace yangu ya injini ya dizeli 5L inawasha taa ya T-BELT, yaani ya mkanda wa taimingi. Niliinunua mkononi. Jirani anasema aizime tu kwa sababu mkanda unaonekana mzima.
Msomaji, Korogwe

JIBU: Taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu, na kwa injini yako ni kila 100,000. Kama aliyekuuzia hana kumbukumbu, badilisha mkanda pamoja na puli yake ya tensheni, na ukague sili za kamshafti na krenki, kwa sababu oili ikiulowesha mkanda utaharibika kabla ya wakati. Kwenye 5L mkanda ukikatika safarini, pistoni hupiga valvu na unaanza kutafuta silinda hedi. Baada ya kufunga ndipo uizime taa, na uandike kilomita na tarehe kwenye kava ya mkanda kwa kalamu ya rangi, ili atakayenunua baada yako asibahatishe.