Mtunzi akiachana na mwenzake, nyimbo zake hubaki na nini?

Mleta mada umeuliza kama msanii aliyezoea kutunga na mwenzake anaweza kusimama peke yake, au miaka yote tulikuwa tunasikia kipaji cha yule mwingine. Mimi nimetunga na mwenzangu, baadaye nikatunga peke yangu, kwa hiyo nina la kusema.

Watu hudhani mwenzako anakuletea mawazo. Mawazo hayana shida, hata usingizini yanakuja. Anachokuletea ni "hapana". Mimi nilikuwa na gitaa na melodi, mwenzangu anaandika mashairi. Nikiimba kitu, naye akakaa kimya na kuangalia pembeni, basi hicho hakifiki studio. Tulipoachana nyimbo zangu zilirefuka. Beti ambayo yeye angeifuta bila hata kuniuliza sasa inabaki, maana naipenda na hakuna wa kunizuia.

Sikiliza Getting Better, wimbo wa kundi la Beatles wa 1967. Paul McCartney anaimba kwamba mambo yanazidi kuwa mazuri, John Lennon anachomeka palepale kwamba yasingeweza kuwa mabaya zaidi. Kebehi ya mstari mmoja tu, na wimbo unapata uzito. Mwaka 1970 kila mtu akashika njia yake. McCartney akatoa albamu aliyopiga vyombo vyote mwenyewe, tamu lakini vipande vingine vinaishia njiani. Ya Lennon ya mwaka huohuo ni kavu, ina uchungu, hakuna wa kuitia sukari. Kwa sikio langu Lennon ndiye aliyefaidika, mnaweza kunibishia. Miaka ya themanini ikielekea mwisho, McCartney alikaa kutunga na Elvis Costello, mtunzi mwenye ulimi mkali, na matunda yake yamo kwenye Flowers in the Dirt ya 1989. Sidhani alimchagua kwa bahati tu.

Kitu cha pili ni utaratibu, na huu haukutoki kirahisi. Elton John anahesabika msanii wa peke yake, lakini tangu 1967 Bernie Taupin anaandika maneno kwanza, anamkabidhi, halafu Elton anakaa kwenye kinanda bila yeye. Melodi inalazimika kufuata mistari isiyolingana, ndiyo maana inapinda mahali usipotegemea. Kwenye A Single Man ya 1978 Taupin hayupo. Melodi zikatangulia, Gary Osborne akazitafutia maneno. Mwaka 1983 Taupin akarudi kwa albamu nzima ya Too Low for Zero, iliyotupa I'm Still Standing. Mimi mpaka leo sipati melodi ya maana bila karatasi yenye maneno mbele yangu. Kwa hiyo naandika mashairi, nayaweka kando mpaka niyasahau, kisha nayachukua kama ya mtu mwingine.

Na ndiyo, kusimama peke yako inawezekana, sikio la mwenzako likishahamia kwako. Taylor Swift alianza akitunga nyimbo nyingi na Liz Rose, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuhariri: kuchuja maneno mengi ya binti na kubakiza yanayouma. Speak Now ya 2010 Swift aliitunga mwenyewe, na uchujaji ule bado unausikia ndani yake.

Ila msichukulie kila "hapana" kuwa ni hekima. George Harrison alikuwa kwenye Beatles pamoja na Lennon na McCartney, akibanwa na nafasi chache kwenye kila albamu. Wimbo wake wa All Things Must Pass waliufanyia mazoezi Januari 1969, ukaachwa. Kundi lilipovunjika, uliipa jina albamu yake ya sahani tatu. Kwa hiyo huyo msanii wako, kama albamu yake ya kwanza ni nzuri mno, usishangilie mapema, huenda ni akiba ya vilivyokataliwa. Subiri ya pili.