Kabla hamjakubali kwamba ubongo umekufa, ulizeni

Kakangu aligongwa na lori akiwa kwenye boda boda, karibu na Maseno. Siku ya nne katika chumba cha wagonjwa mahututi, Kisumu, daktari akatutajia kifo cha ubongo. Sisi tulikuwa tumezoea neno koma, tukadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Aliye katika koma bado ana mawimbi ya ubongo, mara nyingi mazito na ya polepole, hata chini ya manne kwa sekunde. Ubongo uliokufa hauna wimbi, na mwenyewe harudi.

Fundi alimbandika nyaya kichwani, akarekodi umeme wa ubongo kwa nusu saa. Shemeji akaona mistari inatikisika: "Si hii inacheza? Yuko!"

"Huo ni moyo, mama," fundi akamjibu, akimwonyesha kila mruko ukienda sambamba na mapigo kwenye skrini ya pili. Kisha akaniomba nichomoe chaja ya simu yangu pale kitandani. Kinachotafutwa ni wimbi lolote linalozidi mikrovolti 2, na mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti. Umeme wa ukutani, moyo, hata mashine ya kupumulia, vyote hupenya humo. Mchambuzi huanza kwa kuchuja kelele hizo.

Tulichosahau kuuliza ni upande wa pili. Mstari unaweza kunyooka na mtu yu hai: dawa kali za usingizi au mwili uliopoa sana hulaza mawimbi. Basi ulizeni dawa za usingizi zilisimamishwa lini, na joto la mwili ni ngapi. Tena nyaya zile husoma gamba la juu la ubongo, si shina linaloendesha pumzi. Ndiyo maana daktari humulika mboni kwa tochi, hugusa jicho, huchokoza kikohozi, kisha huondoa mashine ya kupumulia dakika kadhaa, oksijeni ikiendelea, aone kama kifua kitainuka.

Mkono ukijikunja, msishtuke. Uti wa mgongo huweza kufanya hivyo peke yake. Sisi hatukuambiwa, tukagombana siku mbili nzima.

Ombeni mmoja wenu aruhusiwe kusimama pale kipimo cha pumzi kikifanywa. Mimi nilisimama. Kifua hakikuinuka. Daktari akatazama saa ya ukutani, akaandika saa tisa na dakika kumi, na kwenye skrini moyo ulikuwa bado unapiga.