Ukitumiwa habari ya dawa inayofufua neva za mgonjwa wa Parkinson

Tangu baba aambiwe ana Parkinson, ndugu zangu hawaachi kunitumia habari ileile kwenye kundi la ukoo: dawa mpya imepatikana, inaotesha upya neva zilizokufa. Wanatuma kwa upendo, na simlaumu hata mmoja. Ila mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kumpangia vidonge, kwa hiyo imenibidi nijifunze kuzisoma habari hizi vizuri. Kama unauguza mzazi au mwenzi wako, huenda niliyojifunza yakakufaa.

Ndani ya ubongo kuna seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea bila kukwama. Mwenye Parkinson hupoteza seli hizo kidogo kidogo kwa miaka, na mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakwenda. Levodopa, dawa inayotumika tangu miaka ya 1960, huupa ubongo malighafi ya kutengeneza dopamini. Inasaidia sana, lakini haizuii seli kuendelea kufa. Ndiyo maana watu wanahangaika kutafuta dawa ya kuzifufua.

Iliyovuma kuliko zote ni GDNF, protini ya mwilini inayozilea seli hizo, iliyogunduliwa mwaka 1993. Haimezwi, na ukidungwa mkononi haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo huko Bristol, Uingereza, madaktari waliwapasua wagonjwa, wakawawekea mirija minne myembamba ubongoni na tundu dogo nyuma ya sikio la kupitishia dawa kila wiki 4. Wengine walitiwa GDNF, wengine maji yasiyo na dawa, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko upande gani. Matokeo yakatoka mwaka 2019. Picha za ubongo za waliopata dawa zilionyesha dalili za seli kuchangamka. Lakini baada ya miezi 9, ukiwapima kwa kutembea na kutumia mikono, hawakuwa wamewapita wenzao kiasi cha kuridhisha, kwa sababu hata waliotiwa maji walipata nafuu.

Hapo naomba utulie kidogo. Kwa mgonjwa wa Parkinson, kutarajia kupona kwenyewe huufanya ubongo umwage dopamini. Watafiti wa Vancouver, Kanada, walilionyesha hilo mwaka 2001. Basi ukiona video ya mzee anayesema amepona, usimwite mwongo, maana nafuu anaihisi kweli. Wewe uliza: je, kulikuwa na kundi la kulinganisha naye? Ilijaribiwa kwa watu au kwa panya? Watu wangapi, na walifuatiliwa kwa muda gani?

GDNF ni kama mbolea: humwamshia mkulima mche ulionyauka, lakini uliokauka haufufuki. Ndiyo maana wengine wameamua kupandikiza seli mpya kabisa. Mwaka 2025 madaktari wa Kyoto, Japani, walitoa matokeo ya wagonjwa 7 waliopandikizwa seli zilizokuzwa maabara. Hakuna aliyepata madhara makubwa, na baadhi yao walijongea vizuri zaidi. Mimi habari hiyo ilinifurahisha mno. Lakini ni watu 7, na hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha upya neva za mgonjwa wa Parkinson.

Kwa hiyo mtu akikuambia anayo, na anataka pesa, mkimbie. Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa ada ya kupewa dawa inayojaribiwa. Hapa Tanzania lazima liwe na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na una haki ya kuomba kukiona.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wetu hata dawa ya zamani hatujaifikia. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walidhaniwa ni uzee tu. Ukimwona mzee anaburuta mguu, mwandiko wake umekuwa mdogo, uso hauonyeshi hisia, mpeleke hospitali.

Na akishaanza levodopa, chunga saa. Baba humeza kidonge nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama, samaki na maharage hushindana na dawa kuingia mwilini. Akikosea saa, miguu inaganda mlangoni kama imegundishwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha kubandika vipande vya utepe mweupe sakafuni, hatua kwa hatua, kuanzia sebuleni hadi jikoni. Baba akiganda, huutazama utepe, akanyanyua mguu kuuvuka, akaendelea. Ni jambo dogo la bei ndogo, na limempunguzia kuanguka.

Shangazi yeye alituletea unga wa mbegu za upupu. Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu mbegu hizo zina levodopa ya kweli. Tatizo ni kwamba hujui kijiko kimoja kina kiasi gani, na ukichanganya na vidonge, mgonjwa anaweza kuzidiwa, mwili ukaanza kujinyonganyonga wenyewe. Usimpe bila daktari kujua, na usimwachishe vidonge ghafla kwa ajili ya kitu kingine chochote. Kufanya hivyo ni hatari kwa maisha yake.

Nunua daftari. Andika saa anayomeza, saa anayojongea vizuri, saa anayoganda, na siku alizoanguka. Siku ya kliniki mpe daktari alisome kwanza, halafu ndipo umwonyeshe ile habari uliyotumiwa.